Keria ya Buti Hushikwa na Mikanda

Jumamosi asubuhi, kwenye barabara ya kutoka Nairobi kuteremkia Bonde la Ufa, hukosi kuona gari dogo lililobeba baiskeli mbili mgongoni. Wengi huelekea Hell's Gate karibu na Naivasha, mbuga ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakila kando yake. Mimi ni fundi wa baiskeli, na Jumatatu ndiyo siku ya kuletewa zile zilizorudi na majeraha: ringi iliyopinda, rangi iliyochunika, tairi lililoungua. Nyingi hazikuumia porini. Ziliumia njiani, zikiwa zimefungwa nyuma ya gari.

Keria ya buti si kifaa cha ajabu. Ni fremu ya bomba yenye miguu ya mpira inayoegemea gari, mikono miwili ya kulaza baiskeli, na mikanda ya nailoni yenye kulabu. Kampuni ya Allen ya Marekani inahesabu historia yake ya kutengeneza keria hizi tangu 1967, na wazo lenyewe halijabadilika sana. Haidai vyuma vya juu ya paa wala ndoano ya kuvutia trela, ndiyo maana bei yake ni nafuu kuliko aina nyingine.

Mteja akija, swali lake la kwanza huwa keria ipi inabeba baiskeli nyingi. Mimi humuuliza ana gari gani. Tazama ile mikanda utaelewa kwa nini. Kwa kawaida huwa sita. Miwili ya juu ndiyo inayobeba uzito karibu wote. Miwili ya chini kazi yake ni kuzuia keria isiruke gari linapopanda tuta, na ya pembeni huizuia isiyumbe kwenye kona. Mikanda inavuta, miguu ya mpira inasukuma, na katika mvutano huo keria inatulia. Hakuna skrubu hata moja iliyoingia kwenye gari. Kwa hiyo usalama wa safari nzima uko kwenye ukingo mwembamba wa bati, pale kulabu inapong'ata.

Ukingo huo lazima uwe wa chuma. Probox inafaa sana, maana mlango wake wa nyuma ni bati lililonyooka na kulabu inakaa vizuri. Gari lenye spoila ya plastiki juu ya mlango ni jambo jingine: mkanda ukipita juu yake na kukazwa, plastiki hupasuka, tena hupasuka ukiwa kwenye mwendo. Kioo kisiguswe na kulabu kabisa. Magari kama RAV4 za zamani, zenye tairi la akiba mlangoni, zina keria zao za kufungwa kwenye tairi hilo, usilazimishe hii ya buti. Baadhi ya magari mapya yana mlango wa nyuma wa plastiki uliopakwa rangi, na kwa macho hutautambua. Chukua sumaku ya friji uibandike. Ikidondoka, mlango ni wa plastiki au wa aluminiamu, nawe usifunge kitu kabla ya kusoma orodha ya magari ambayo mtengenezaji wa keria ameyaruhusu. Orodha hiyo ninaiamini kuliko neno la muuzaji yeyote.

Uzito nao una mpaka. Keria nyingi za namna hii hukubali kama kilo 16 kwa kila baiskeli. Ya milimani ya kawaida inapita. Baiskeli ya Black Mamba ya babu inaweza kuzidi kilo 20, na ya umeme mara nyingi huzidi pia. Hizo zipande pikapu.

Kabla ya kufunga, futa gari. Sisemi hivi kwa sababu ya urembo. Vumbi likibaki chini ya mguu wa mpira, kila mtikisiko hulisugua kwenye rangi kama msasa, na ukifika Naivasha utakuta duara jeupe lisilotoka kwa maji. Pitisha kitambaa chenye unyevu pale miguu itakapokaa na pale kulabu zitakapong'ata, kisha kaza mikanda ya juu, ya chini, na ya pembeni mwishoni. Baiskeli nzito ikae karibu na gari, ya pili igeuzwe ili usukani wa moja usikwaruze fremu ya nyingine. Gurudumu la mbele lifungwe kwenye fremu yake lisizunguke kwa upepo.

Halafu chutama uangalie bomba la moshi. Mteja wangu mmoja aliniletea tairi ambalo upande mmoja ulikuwa umeng'aa na kunata kidoleni kama gundi, nyuzi za ndani zikiwa nje. Lilikuwa limening'inia mbele ya bomba safari nzima. Kuliinua kidogo tu kungeliokoa.

Ukiwa hapo nyuma, rudi hatua kumi utazame taa na nambari ya usajili. Zikizibwa, umevunja sheria, na dereva wa lori anayekufuata hataona breki zako.

Ukishaondoka, simama mapema. Mkanda wa nailoni hunyumbuka kidogo unapobeba mzigo, zaidi ukilowa mvua, na mipira ya miguu hudidimia. Ukiwa umetoka Westlands, ukifika Kikuyu egesha pembeni, shika keria kwa mikono miwili uitikise. Gari likitikisika pamoja nayo, endelea. Keria ikicheza peke yake, kaza mikanda yote upya kabla ya kuanza ule mteremko wa Mai Mahiu. Ncha za mikanda zilizobaki zifunge fundo; zikipigapiga kwenye bati kwa kilomita 90 zitakwaruza rangi.

Ukirudi nyumbani usiiache keria kwenye gari hadi wikendi nyingine. Jua hula nailoni polepole bila rangi kubadilika sana. Ivue, uiweke ndani, na kabla ya kuikunja pitisha kidole kwenye mshono wa kila mkanda, hasa karibu na bizimu. Ukihisi nyuzi zimeanza kusimama kama manyoya, badilisha mkanda huo.