Tumbo halijali dawa imeingilia wapi

"Dokta, nichome tu ya diklo. Vidonge vinaniunguza tumbo."

Mimi si dokta, ni mfamasia, lakini huku Temeke kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni dokta, na hilo nimeshaacha kulibishia. Ninachobishia ni sentensi ya pili. Wiki iliyopita niliisikia kwa kuli wa Tandika anayeumwa mgongo, kwa mama lishe anayeumwa magoti, na kwa kijana wa bodaboda mwenye homa ya siku mbili. Wote wana picha moja kichwani: kidonge kinatua tumboni na kukwangua ukuta wake, ilhali sindano, kwa kuwa inachomwa tako, inapita njia ya uani na tumbo halina habari.

Tumbo lina habari. Ukitegua kifundo cha mguu, pale palipoumia hutengenezwa kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazotanua mishipa ya damu, mguu ukawa wa moto na kuvimba, na ndizo zinazozitia neva ukali mpaka shuka likikugusa unaruka. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao wote hukizuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Uvimbe unashuka, maumivu yanatulia. Aspirini iliuzwa kwa zaidi ya miaka 70 kabla Mwingereza John Vane hajaonyesha, mwaka 1971, kwamba siri yake ni hiyo. Mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili.

Sasa, prostaglandini hazipo kwenye kifundo kilichoteguka peke yake. Tumboni zina kazi usiku na mchana: zinahimiza ute unaoufunika ukuta, zinapunguza tindikali, zinahakikisha damu inafika ya kutosha kukarabati palipochubuka. Dawa ikishaingia kwenye damu haichagui goti ikaliacha tumbo. Iliyochomwa tako inaingia kwenye msuli, kutoka hapo kwenye damu, na damu inaifikisha kwenye ukuta wa tumbo kwa upande wa nyuma. Ukimfukuza mlinzi kwa simu au ukamfuata getini, nyumba imebaki haina mlinzi. Kazi ya kuuchimba ukuta itafanywa na tindikali yako mwenyewe.

Nitakubali kitu kimoja. Kidonge, hasa cha aspirini, kinaweza kweli kuuchubua ukuta kikiugusa. Ndiyo maana vikatengenezwa vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka mpaka vifike kwenye utumbo. Lingekuwa ni suala la kugusana tu, ganda hilo lingemaliza kesi. Halikumaliza. Wanaomeza vidonge vyenye ganda wanapata vidonda, wanaochomwa wanapata vidonda, hata wanaowekewa dawa kwa njia ya haja kubwa wanapata. Na maziwa, kabla hujaniuliza, yanaweza kutuliza kiungulia. Mlinzi hayamrudishi.

"Lakini sindano ina nguvu." Ampuli moja ina miligramu 75, kidonge cha kawaida 50, na kwa siku mtu mzima haruhusiwi kuvuka 150 kwa njia yoyote ile. Unachonunua kwa sindano ni kuwahi nafuu kidogo. Unachoweza kulipia ni jipu la tako, au mshipa mkubwa wa fahamu uliodungwa na mtu asiyejua mahali pa kuchoma. Wapo waliotoka nyumbani na mgongo wakarudi wakiburuta mguu. Hospitalini, kwa mtu anayetapika au aliyetoka kupasuliwa, sindano ina maana yake. Nyuma ya pazia la duka la dawa haina.

Figo nazo zinategemea prostaglandini kuuacha wazi mshipa unaoziletea damu, hasa ukiwa umekaukiwa maji kwa jua la Mbagala au unameza dawa za presha. Waulize tumbusi wa India na Pakistan. Ndege anayekula mzoga uliooza bila kuumwa tumbo alikufa kwa mamilioni kwa kula ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Figo zake zilifeli. Chanzo kilipojulikana mwaka 2004, wengi walikuwa wameshakwisha, na mwaka 2006 India ikaipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Watengenezaji wa dawa nao waliwahi kutafuta dawa itakayozuia uvimbe na kuliachia tumbo kinga yake. Walikaribia, ila moja kati ya hizo, rofecoxib, iliondolewa sokoni mwaka huohuo wa 2004 kwa sababu ya mshtuko wa moyo. Diklofenaki yenyewe, kwa moyo, si malaika.

Sasa cha kufanya, haraka, foleni ni ndefu. Anza na Panadol, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na angalia kama dawa nyingine unayomeza haina parasetamo, ambayo ndiyo Panadol yenyewe, ndani yake. Goti au kiwiko, jaribu jeli ya kupaka. Ukilazimika kumeza diklo, dozi ndogo kwa siku chache, ukiwa umekula, na usichanganye na brufeni, yaani ibuprofeni, maana ni kumeza dawa ya aina ileile mara mbili. Una miaka zaidi ya 60 au uliwahi kuwa na vidonda, muulize daktari kuhusu omeprazo ya kupunguza tindikali. Mjamzito, mwenye figo, mwenye moyo, anayemeza dawa za presha: uliza kwanza. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali leo, usisubiri kesho.

Na homa usiyoijua chanzo chake, usiiguse kwa diklo wala aspirini. Dar es Salaam tulipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, tukapata tena 2019, na dawa hizi zinazidhoofisha chembe zinazogandisha damu, wakati dengue yenyewe inazipunguza. Kijana wa bodaboda nilimpa Panadol na kumwelekeza akapime. Alikwenda, akinung'unika.

Mama lishe alichukua jeli. Kuli wa Tandika alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa heshima zote, kisha akauliza kama duka la jirani wanachoma.