Fahamu: Kwa nini tovuti ya PHP lazima ikague faili unalopakia

Kukagua data ni kuhakikisha kwamba kinachojazwa kwenye fomu, au faili linalopakiwa, ndicho kilichoombwa, kabla seva haijakihifadhi au kukitumia.

Hatari iko wapi?

Chukua fomu ya kuomba kazi inayotaka picha ya pasipoti. Mtu anapakia faili liitwalo picha.php. Likihifadhiwa kwenye folda ya wazi, akilifungua kwa kivinjari seva italiendesha kama programu. Kuanzia hapo anaweza kusoma nywila ya hifadhidata au kufuta mafaili ya tovuti.

Ukaguzi wa kivinjari hautoshi

Ukaguzi huo kwa kawaida hufanywa kwa JavaScript, ambayo mtu anaweza kuizima. Hata aina ya faili iliyo ndani ya $_FILES (orodha ya PHP ya mafaili yaliyopakiwa) hutumwa na kivinjari chenyewe, hivyo kuighushi ni rahisi. Hapa ndipo wengi hukosea.

Kifanyike nini?

Soma yaliyomo kwa finfo (zana ya PHP inayotambua aina ya faili), kubali majina yanayoishia na .jpg au .png tu, lipe faili jina jipya, kisha lihamishe kwa move_uploaded_file() hadi folda isiyofikiwa kupitia tovuti.

Unasimamia tovuti yenye fomu? Fungua leo folda ya mafaili yaliyopakiwa, utazame kama kuna lolote linaloishia na .php.