Kimya Kingi cha Filamu ya Kauboi

Filamu ya kauboi ya mwendo wa polepole ina kila kitu cha kauboi: farasi, ng'ombe, kofia pana, mji mdogo ulio mbali na serikali. Ila pambano analolingojea mtazamaji huchelewa sana, na pengine halifiki kwa njia aliyoizoea. Nafasi ya risasi huchukuliwa na nyuso, milima, kazi za mikono na maneno yanayomezwa kabla ya kusemwa. Taharuki yake hujikusanya kidogo kidogo, kama joto la makaa chini ya jivu.

Mfano mashuhuri wa miaka ya karibuni ni The Power of the Dog, filamu ya mwaka 2021 ya mwongozaji Jane Campion wa New Zealand, iliyotokana na riwaya ya Thomas Savage ya mwaka 1967. Hadithi yake imewekwa Montana, Marekani, mwaka 1925. Wahakiki waliisifu karibu kwa kauli moja: ilipata Simba wa Fedha katika tamasha la Venice, ikateuliwa kuwania tuzo 12 za Oscar, na Machi 2022 Campion akapewa ile ya mwongozaji bora. Watazamaji wa kawaida waligawanyika. Wapo walioitazama mara mbili na tatu, na wapo waliolalamika kwamba wamekaa saa mbili na hakuna lililotokea.

Mgawanyiko huo mara nyingi huelezwa kwa neno subira: anayeipenda filamu anayo, asiyeipenda hana. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mtazamaji huketi mbele ya kioo akiwa na ahadi kichwani, na katika Afrika ya Kati na Mashariki ahadi ya kauboi ni ya zamani kuliko televisheni yenyewe.

Ahadi ya kauboi

Mwaka 1953 na 1954 mwanaanthropolojia Hortense Powdermaker alifanya utafiti Luanshya, mji wa migodi ya shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, jirani na Katanga. Aliwakuta wachimba migodi na jamaa zao wakijaa kwenye sinema ya uwanjani, na kipenzi chao kilikuwa kauboi, waliyemwita Jeke. Hawakutazama kwa utulivu. Walisimama, walipiga kelele, walimwonya Jeke adui anapomnyemelea kwa nyuma, na ngumi zilipoanza kwenye kitambaa cheupe zao nazo zilirushwa hewani.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walikwenda mbali zaidi. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi na kuunda lugha yao wenyewe, Hindubill, iliyochanganya Kilingala, Kifaransa na maneno mengine ya mjini. Mwanahistoria Didier Gondola amewaandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2016. Kwa vijana hao, waliotawaliwa na Wabelgiji na kuwekewa mipaka ya kuishi, kutembea na hata filamu za kutazama, kauboi alikuwa mtu anayesimama wima bila kuomba ruhusa.

Kutokana na utazamaji wa namna hiyo zilizaliwa kanuni zinazojulikana na kila mtoto. Mhusika mkuu, anayeitwa akteri Kongo na stelingi Kenya na Tanzania, hutambulika mapema. Adui yake naye hutambulika mapema. Wawili hao lazima wakutane uso kwa uso, na akteri hafi. Kuchelewa kwa pambano kunavumilika, kwa sababu Mswahili amekwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini methali hiyo ni ahadi pia: anayevumilia kimya anaudai mshindo.

Kuchelewa kunakolipa, na kuchelewa kunakovunja

Filamu za polepole haziko sawa katika kuitimiza ahadi hiyo. High Noon ya mwaka 1952 inamwonyesha mkuu wa polisi wa mji mdogo akingojea treni ya saa sita mchana inayomleta adui yake, na muda wa hadithi unakaribia kulingana na muda wa filamu. Mtazamaji anangoja sambamba na mhusika, akijua saa ya malipo.

Mwaka 1968 Sergio Leone wa Italia alikwenda mbali zaidi katika Once Upon a Time in the West. Inaanza na watu watatu wenye bunduki wakingoja treni kwenye kituo kitupu kwa takriban dakika 10, karibu bila neno. Kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi, tone la maji linaangukia kofia, inzi anatembea usoni mwa mmoja wao. Marekani iliipokea kwa ubaridi, na wasambazaji wakaikata ili kuifupisha. Ufaransa iliuza tiketi zaidi ya milioni 14. Pande zote mbili zilikuwa na watu wenye subira na wasio nayo. Tofauti kubwa ilikuwa katika kile kilichotarajiwa. Na Leone, pamoja na kukawia kote, mwishoni alilipa deni: watu wawili walisimama uwanjani, bunduki zikatoka.

Campion hakulipa kwa sarafu hiyo. Katika The Power of the Dog, mwenye farasi, kofia na umahiri wa kauboi ni Phil Burbank, anayeigizwa na Benedict Cumberbatch, naye ndiye mtesaji. Ndugu yake George anamwoa Rose, mjane mwenye mtoto wa kiume, Peter, kijana mwembamba anayetengeneza maua ya karatasi na kusomea udaktari. Mtazamaji anamtafuta akteri na hampati alipomzoea. Pambano kubwa la kwanza halina bunduki kabisa. Rose amekaa kwenye piano sebuleni, anajifunza wimbo mmoja, vidole vinakwama. Juu ghorofani Phil anachukua banjo na kuupiga wimbo uleule, kwa ustadi kuliko yeye. Rose ananyamaza. Anajaribu tena, banjo inamfuata tena. Hakuna tusi wala kofi, lakini mwanamke huyo ameshindwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kuanzia hapo pombe inamchukua.

Upinzani haukutoka kwa mashabiki tu. Mapema mwaka 2022 Sam Elliott, mwigizaji aliyezeeka katika filamu za kauboi, aliishutumu hadharani kwa jinsi ilivyomchora kauboi, kisha baadaye akaomba radhi. Hasira yake inaonyesha kwamba hoja haikuwa mwendo peke yake. Filamu iliyovaa mavazi ya kauboi huchukua pia madeni yake, na kila mtazamaji ana orodha yake ya madeni.

Ukumbi wa video

Namna ya kutazama ina uzito sawa na filamu yenyewe, na Butembo inalionyesha hilo wazi. Mji huo wa wafanyabiashara katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ulikua kwa miongo mingi bila umeme wa serikali. Maduka na kumbi zake ziliwashwa kwa jenereta, inayoitwa kwa kawaida grupu. Ukumbi wa video ni chumba chenye mabenchi, televisheni mbele na pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga, huku grupu ikinguruma nje.

Filamu ya polepole huumia mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, inaishi kwa sauti ndogo: banjo ya Phil ghorofani, kitana anachokikwaruza Peter kwa kidole gumba. Sauti hizo zikimezwa na grupu, pambano lote limepotea, na anayesema hakuna lililotokea anasema kweli kuhusu kile kilichomfikia. Pili, petroli huhesabiwa kwa dakika. Mwenye ukumbi anayelipia kimya cha dakika 10 huona hasara mahali ambapo mhakiki huona sanaa.

Kisha yupo mfasiri. Uganda humwita vijei, na VJ Jingo ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi. Tanzania ilimpata Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Kazi yao ni kusimulia filamu ya kigeni kwa lugha ya watazamaji, kueleza, kutania, kutabiri. Butembo na Beni, zinazofanya biashara na Kampala kupitia mpaka wa Kasindi, ziko karibu na desturi hiyo. Lakini mtu anayelipwa ili aseme anapokutana na filamu isiyosema, hana budi kukijaza kimya. Akitunga mazungumzo yasiyokuwapo, filamu inachangamka na kugeuka nyingine. Mfasiri hodari angeeleza dalili chache ambazo hadithi inaziacha njiani, kisha angenyamaza.

Kinachotambuliwa upesi

Si kweli kwamba mazingira ya Kivu yanamnyima mtazamaji tu. Yanampa pia. Hadithi za kauboi ni za ardhi inayogombewa na sheria iliyo mbali. Karibu na Beni, ambako raia wamekuwa wakiuawa na makundi yenye silaha tangu Oktoba 2014, bunduki haihitaji kulia ndipo itishe, na kimya cha usiku kina maana ambayo mtazamaji wa miji yenye amani hufundishwa na muziki wa filamu.

Mfano ulio wazi zaidi ni kifo cha Phil. Filamu haikielezi mapema. Inaacha dalili njiani. Peter anakuta ng'ombe mfu malishoni, anavaa glavu, anamchuna. Phil anajikata mkononi. Rose, kwa kumkomoa shemeji yake, anagawa ngozi zote alizoziweka. Peter anampa Phil zile alizozikata mwenyewe, na Phil, kidonda kikiwa wazi, anaziloweka na kuzisuka kuwa kamba. Asubuhi inayofuata ni mgonjwa, na haponi. Watazamaji wengi walifika mwisho wakiuliza kilichomwua. Ni kimeta, ugonjwa unaotokana na bakteria ambaye chembe zake huweza kudumu udongoni kwa miongo na kuingia mwilini kupitia mkato wa ngozi. Wafaransa huuita ugonjwa wa makaa, na jina lake la kimataifa, anthrax, ni neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, kwa ajili ya kigaga cheusi kinachotokea kwenye ngozi.

Mfugaji hahitaji kuambiwa hayo. Wala mvuvi wa ziwa Edward: Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta katika hifadhi ya Virunga, wengine wakionekana wakielea mto Ishasha unaoingia ziwani humo, na wakazi wakaonywa kutogusa wanyama wa pori na kuchemsha maji. Anayekumbuka onyo hilo, akimwona Peter akivaa glavu mbele ya mzoga, ameshika ufunguo wa hadithi kabla ya wahakiki wengi.

Jina la filamu nalo lina wasomaji wake hapa. Limetoka katika Zaburi ya 22, ile inayoimbwa katika makanisa ya Kikatoliki Jumapili ya Matawi, ambamo mwenye dhiki anaomba aokolewe na nguvu za mbwa. Peter anaifungua zaburi hiyo mwishoni, na Mkristo wa dayosisi ya Butembo-Beni anaweza kuutambua mstari huo na kuelewa kwamba Rose, mama wa Peter, ndiye aliyeokolewa.

Kutazama mara ya pili

Ndiyo sababu maoni juu ya filamu za namna hii hubadilika zikirudiwa. Mara ya kwanza jicho hutafuta pambano lililoahidiwa na kuyapita mengine yote. Mara ya pili, kwa kuwa mwisho unajulikana, mzoga, kidonda, ngozi na kamba huonekana kila kimoja mahali pake, na dakika zilizodhaniwa tupu hujaa. Anayebaki na lalamiko lake baada ya hapo ana haki nalo, kwani amekataa sarafu aliyolipwa baada ya kuiona vizuri.

Katika onyesho la mwisho Peter anaishika kamba ya Phil kwa mikono yenye glavu na kuisukuma chini ya kitanda. Hakuna mlio wowote. Mshindo ulioahidiwa uko katika glavu hizo.