Kuhamisha Kiolesura: Utangulizi

Wengi wanaoingia katika fani hii hudhani watafundishwa React au Angular. Hayo utayapata, tena mapema, lakini shughuli yenyewe iko kwingine: programu ambayo watu wanaitumia kazini kila siku utaibadilisha vipi uso wake bila kuwasimamishia kazi hiyo?

Kisa cha AngularJS kinafaa kutufungulia njia. Google waliitoa mwaka 2010, na kampuni nyingi zikajenga juu yake. Oktoba 2014, katika mkutano wa Paris, waundaji wake walieleza kwamba toleo la pili lingeandikwa upya na lisingeoana na la kwanza. Zikazuka kelele, na kwa haki. Toleo hilo lilipotoka Septemba 2016, lilikuwa na zana ya kuyaendesha yote mawili ndani ya ukurasa mmoja, ili mtu ahamishe kipande baada ya kipande. Msaada wa AngularJS ulikoma tarehe 31 Desemba 2021, na bado zipo programu zilizobaki nayo.

Uvivu pekee hautoshi kueleza jambo hilo. Skrini kuukuu imebeba maarifa ambayo hayakuandikwa popote. Kisanduku cha tarehe kinakataa mwaka wa kuzaliwa ambao haujafika. Kitufe cha malipo kinazimika kikishabonyezwa, ili mteja asikatwe mara mbili. Majina yamepangwa kwa utaratibu wa ajabu ambao karani wa mapokezi ndiye anayeijua sababu yake. Ukiandika upya kutoka sifuri, unavifuta vyote hivyo, kisha unavigundua tena kimoja kimoja kupitia malalamiko. Joel Spolsky alilisema hili mwaka 2000 alipowalaumu Netscape: toleo lao la 4 lilitoka 1997, la 5 halikutoka kabisa, la 6 likafika mwishoni mwa 2000, wakati Internet Explorer ilikuwa imekwisha kulitwaa soko. Namuunga mkono, ila si hadi mwisho wa hoja yake. Fremuweki isiyopata tena viraka vya usalama haikai milele, hasa ikiwa inashika taarifa za watu.

Kati ya kuandika upya na kubaki na kilichopo kuna njia ya tatu, iliyopewa jina na Martin Fowler mwaka 2004, kutokana na mitini aliyoiona Queensland, Australia. Mtini huo huota juu ya mti mwingine, kisha hushusha mizizi yake taratibu hadi usimame wenyewe. Ndivyo skrini mpya zinavyoota kando ya zile za zamani, zikizipokea kazi moja moja.

Mfano ninaoupenda uko karibu nasi. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na watu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa wa VVU. Kurasa zake za awali ziliundwa kwenye seva kwa Java. Kiolesura chake cha sasa, O3, kimejengwa kwa React na kugawanywa katika vipande vinavyojitegemea, hivi kwamba nchi moja inaweza kubadili fomu yake bila kugusa sehemu nyingine. Kilichowezesha hayo ni mpaka ulio wazi: uso mpya huomba data kupitia API, na hifadhidata iliyo chini haihitaji kujua nani anauliza.

Lakini API haimsaidii muuguzi ambaye vidole vyake vimezoea mpangilio wa zamani huku foleni ikimngoja. Ndiyo maana sura ya kwanza haina msimbo hata mstari mmoja. Utachukua fomu ya kumsajili mgonjwa, uketi na anayeijaza, uandike kila anachofanya, pamoja na vile visanduku anavyoviruka siku zote.