Mchanga mbichi unavyomdanganya mchimbaji na mnunuzi

KIANGAZI kinapokolea wilayani Handeni, makorongo yaliyokauka hugeuka kuwa visima. Katika vijiji vinavyoizunguka Mkata, njia panda ya kwenda Handeni mjini katika barabara kuu ya Chalinze–Segera, mtu akikosa maji huchimba mchanga wa korongo ili anyweshe mifugo au amwagilie bustani. Mchanga huohuo ndio unaopakiwa kwenye malori kwa ajili ya ujenzi. Mchimba maji na mchimba mchanga wana hatari moja: ukuta wa shimo ulioonekana imara asubuhi unaweza kumfukia mtu mchana.

Siri yake tuliichezea utotoni. Mtoto hufukia mguu kwa mchanga mbichi, hupigapiga kwa viganja, kisha huuchomoa mguu polepole na nyumba hubaki imesimama. Kwa mchanga mkavu nyumba haisimami. Na iliyosimama ukiimwagia kopo la maji, inabomoka.

Kinachoishikilia nyumba ile si gundi. Pale punje zinapogusana hubaki maji kidogo, na uso wa maji hayo hujivuta kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Mvuto huo huzibana punje, na punje zilizobanana hazitelezi kirahisi. Jua likiyakausha maji hayo, mshiko unakwisha. Mvua ikijaza nafasi zote kati ya punje, ule uso unapotea na mshiko unakwisha vilevile. Mhandisi Karl Terzaghi, aliyechapisha kitabu chake cha mekanika ya udongo mwaka 1925, alionyesha kuwa nguvu ya udongo hutokana na mzigo unaobebwa na punje zenyewe, si ule unaobebwa na maji.

Sasa tazama kisima cha korongo. Juu kuna mchanga mkavu unaoporomoka wenyewe, na kila mchimbaji anaujua. Katikati kuna mchanga mbichi unaosimama wima hata ukadhani umekata udongo wa mfinyanzi. Chini, unapoyafikia maji, mchanga hauna mshiko tena. Unatiririka kama uji na kuula ukuta kwa chini. Hapo ndipo watu wanapofukiwa, kwa sababu macho yako kwenye maji yanayoingia huku sehemu ya katikati ikining'inia bila msingi.

Mshiko wenyewe ni mdogo. Katika mchanga wa wastani, ukuta wima hauna uhakika ukishapita takribani meta moja. Meta moja ya ujazo ya mchanga ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kushindwa kupumua kabla wenzake hawajafika na makoleo. Kanuni za kazi za Marekani zinataka shimo la mchanga wa namna hii lilazwe kingo: kwa kila meta moja ya kina, ukingo urudi nyuma meta moja na nusu. Kwa kisima, njia ya uhakika ni kuteremsha pete za zege huku ukichimba ndani yake. Na usirundike mchanga ulioutoa ukingoni mwa shimo.

Maji hayohayo humpunja mnunuzi pia. Mchanga wenye unyevu kidogo haulali vizuri, kwa sababu punje zinashikana kabla hazijapangana, hivyo huvimba. Mchanga laini unaweza kuongezeka ujazo kwa asilimia 20 hadi 30, ukiwa na maji ya takribani asilimia 5 tu ya uzito wake.

Pima mwenyewe kabla ya kulipia tripu. Jaza mchanga kwenye chombo cha kioo hadi sentimeta 20, bila kuushindilia. Umwage pembeni, weka maji nusu ya chombo, urudishe mchanga wote na ukoroge. Ukitulia kwenye sentimeta 16, basi katika kila meta 5 za ujazo unazouziwa, mchanga halisi ni meta 4.

Anayefyatua matofali kwa kipimo cha ndoo naye aangalie. Ndoo 4 za mchanga huo ni sawa na ndoo 3 na kidogo za mkavu, kwa hiyo saruji inaliwa kuliko alivyopanga. Ndoo ya tano ndiyo inayokamilisha zile nne.