Hesabu za Corvette na Kitendawili cha Mwaka 1979

Idadi ya magari yaliyotoka kiwandani ni takwimu ambayo mashabiki wa magari ya spoti huinukuu upesi na kuielewa kwa shida, kwa sababu wengi huichukulia kuwa kipimo cha ubora, ilhali mara nyingi hueleza hali ya soko, ya sheria na ya kiwanda kuliko ustadi wa wahandisi. Chevrolet Corvette, gari la viti viwili ambalo kampuni ya General Motors ya Marekani ililianzisha mwaka 1953, linafaa kuchunguzwa kwa jicho hilo, kwani limekwisha kufikia kizazi cha nane na hesabu zake za kila mwaka zinajulikana vizuri. Kizazi, katika lugha ya watengenezaji, ni kipindi ambacho gari huendelea kutoka kwa umbo la msingi lilelile, hata kama chasi yake imerithiwa kutoka kwa gari lililotangulia. Hesabu zenyewe hufuata mwaka wa toleo, yaani mwaka ambao kampuni imeupa gari, na huo kwa kawaida huanza miezi kadhaa kabla ya Januari ya kalenda.

Mwanzo wa gari hili haukuashiria maisha marefu. Mwaka 1953 yalitengenezwa magari 300 tu huko Flint, Michigan, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani, yakiwa na bodi za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambazo ziliungwa kwa kazi nyingi ya mikono. Injini ilikuwa ya silinda sita, nayo gia ilikuwa otomatiki ya hatua mbili, mpangilio ambao mnunuzi aliyezoea magari mepesi ya Uingereza aliuona kuwa wa gari la familia lililovishwa nguo za mbio. Kazi ilipohamishiwa St. Louis mwaka 1954 yalitoka magari 3,640, lakini karibu theluthi moja yalikosa wanunuzi hadi mwaka ukaisha, na mwaka 1955 kiwanda kikatengeneza 700 pekee. Kilicholiokoa ni mambo mawili yaliyokutana: injini mpya ya V8, ambayo mhandisi Zora Arkus-Duntov aliitetea na kuiendeleza, na Thunderbird ya Ford, ambayo kwa kuuzwa zaidi ya 16,000 katika mwaka wake wa kwanza iliifanya General Motors ione aibu kumwachia mshindani uwanja. Kufikia 1962, mwaka wa mwisho wa kizazi cha kwanza, jumla ilikuwa 69,015.

Kizazi cha pili kilidumu miaka mitano tu, 1963 hadi 1967, kikatoa magari 117,964. Katika hayo, 10,594 ya mwaka 1963 yana paa la kudumu na kioo cha nyuma kilichogawanywa katikati kwa utepe wa bodi, pambo ambalo madereva walilalamika kuwa liliwaziba wasione nyuma na ambalo liliondolewa mwaka uliofuata. Kasoro hiyo ya dereva ndiyo leo inayopandisha bei ya gari hilo mnadani.

Kitendawili kikubwa kimo katika kizazi cha tatu, kilichoanza 1968 na kwisha 1982, ambacho peke yake kilitoa magari 542,861. Mwaka wake wa kilele haukuwa ule wa injini kubwa za mwanzo, bali 1979, ambapo yalitoka magari 53,807, mengi kuliko mwaka mwingine wowote wa karne ya 20, na injini yake ya kawaida ilikuwa na nguvu za farasi 195. Miaka minne kabla yake, injini ya kawaida ilishuka hadi nguvu za farasi 165, na bado yaliuzwa magari 38,465. Ni kweli kwamba sehemu ya kushuka huko ni ya kipimo tu, kwa sababu hadi 1971 kampuni za Marekani zilipima injini ikiwa mezani bila vifaa vinavyoipunguzia nguvu, na kuanzia 1972 zikaanza kuipima ikiwa na ekzosi, chujio la hewa na vifaa vingine vyote. Hata hivyo sehemu kubwa ilikuwa ya kweli, kwani sheria za hewa safi zilipunguza mgandamizo ndani ya silinda, na mwaka 1975 kikaongezwa kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Kwa nini basi watu walinunua? Bei za bima na za mafuta zilikuwa zimeua karibu magari yote ya Marekani yenye nguvu, hivyo aliyetaka gari la viti viwili lililotengenezwa nyumbani hakuwa na la kuchagua zaidi ya Corvette. Isitoshe, mnunuzi wa miaka hiyo alitaka kiyoyozi na usukani mwepesi kuliko kasi, na hayo aliyapata. Mwaka 1978 kampuni ilitoa toleo la kumbukumbu ya mashindano ya Indianapolis, rangi nyeusi na ya fedha, na badala ya kulifanya adimu ikatengeneza 6,502 ili kila wakala apate angalau moja. Wanunuzi wengi walilipa bei za ulanguzi wakidhani wameweka akiba, lakini gari linaloonekana katika kila mji haliwezi kuwa hazina.

Kinyume chake ni injini iliyoitwa L88, iliyokusudiwa mbio, ambayo haikuuzwa pamoja na redio, na ambayo kampuni ilitangaza nguvu zake kuwa ndogo kuliko zilivyokuwa ili wasioijua wasivutiwe. Mwaka 1967 iliwekwa katika magari 20, mwaka 1968 katika 80, na mwaka 1969 katika 116. Januari 2014, moja la mwaka 1967 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.85. Kwa bei kama hizo udanganyifu haukosekani, maana injini inaweza kuhamishwa na namba zake kugongwa upya, na ndiyo sababu wakaguzi hulishusha tangi la mafuta kutafuta karatasi ya kiwandani iliyobandikwa juu yake, yenye orodha ya kila kifaa kilichoagizwa.

Mwaka 1983 ni shimo ndani ya jedwali. Kizazi cha nne kilichelewa katika kiwanda kipya cha Bowling Green, Kentucky, na magari 43 ya majaribio yaliyoundwa hayakuuzwa kwa umma. Limebaki moja, nalo limo katika jumba la makumbusho jirani na kiwanda hicho. Mauzo yalipoanza, gari likaitwa la 1984, na mwaka huo mrefu ukatoa 51,547, hesabu ambayo haiwezi kulinganishwa na ya mwaka wa kawaida.

Jumla za vizazi nazo hudanganya kwa namna hiyohiyo. Kizazi cha nne kina magari 358,180 na cha tano 248,715, lakini cha kwanza kati ya hivyo kilidumu miaka 13 na cha pili minane, hivyo kwa wastani wa mwaka kizazi cha tano ndicho kilichouzwa zaidi. Cha sita kilitoa zaidi ya 40,000 mwaka 2007 na 12,194 tu mwaka 2010. Gari lilikuwa lilelile, ila mabenki yalikuwa yameanguka.

Upo upungufu mmoja ambao haukutokana na uchumi. Kwa vizazi saba kiwanda kilitoa usukani wa kushoto peke yake, jambo lililoinyima Corvette masoko ya kawaida ya Uingereza, Japani, Australia, na vilevile Kenya, Tanzania na Uganda. Corvette ya kwanza yenye usukani wa kulia kutoka kiwandani ni ya kizazi cha nane, kilichoanza na mwaka wa toleo 2020.