Muhuri wa Mwenyekiti Haukufanyi Mwenye Nyumba

"Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, majirani wamesaini, muhuri umepigwa. Tuko salama, sivyo wakili?"

Swali hili naulizwa na mwalimu aliyekopa saccos, na mama lishe aliyecheza kikoba kwa miaka, na kijana aliyekuwa akituma fedha nyumbani kutoka Muscat. Linaniuma kwa sababu karibu kila mara huja baada ya fedha kulipwa. Jibu langu halijabadilika: hapana, hamko salama bado. Muhuri ule unaonyesha kwamba watu fulani walikaa pamoja siku fulani wakasaini karatasi. Hauonyeshi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza.

Nazungumzia Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Imani ya muhuri ina asili yake, na siwadharau wanaoishikilia. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengeka bila kusubiri wapimaji: Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti. Huko hapakuwa na hati wala ramani. Ulinzi pekee wa mnunuzi ulikuwa kumbukumbu za watu. Mjumbe alijua nani alifyeka pori lile, nani alimrithi nani, mwembe upi ni mpaka. Mtu hakuweza kuuza kiwanja kilekile mara mbili, maana mtaa mzima ungemuumbua.

Hali hiyo imekwisha. Leo mnunuzi yuko Mwanza, muuzaji yuko Arusha, dalali amewakutanisha kwa simu, na mwenyekiti amechaguliwa juzi katika mtaa ambao nusu ya wakazi wake ni wageni. Anapiga muhuri juu ya jambo asilolijua. Hata mjumbe wa nyumba kumi, ambaye wengi bado wanamwona ni mkono wa Serikali, ni kiongozi wa chama tu tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Saini yake ni ya shahidi, sawa na ya jirani yeyote.

Sasa sikiliza sheria inasemaje, kwa sababu haina utata kama wengi wanavyodhani. Kwa ardhi iliyosajiliwa, kifungu cha 62 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema hati ya kuhamisha haki haifanyi kazi hiyo mpaka isajiliwe. Msajili wa Hati ndiye anayebadilisha jina. Mwenyekiti hana daftari la hati, hana ramani ya upimaji, hana orodha ya rehani, na hakuna sheria inayompa mamlaka ya kuhamisha kiwanja cha mjini kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hakuna anayenunua gari akaridhika kwa kuwa mwenyekiti ameshuhudia malipo; kila mtu anadai kadi, kisha anaibadilisha jina. Kwa nini nyumba, inayogharimu mara kumi ya gari, inunuliwe kwa uangalifu mdogo zaidi?

Mahakama ya Rufani nayo imesema wazi. Katika Rufaa ya Madai Na. 35 ya 2019 ilieleza kwamba watu wawili wanapogombania ardhi moja, mwenye hati ndiye atakayehesabiwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitike kwamba hati hiyo ilipatikana isivyo halali. Wewe umeshika karatasi ya mtaa, mwenzako ameshika hati. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, na ni mzito.

"Lakini karatasi yangu mahakamani itakubalika." Huenda ikakubalika, tena ikiwa imelipiwa ushuru wa stempu. Itathibitisha kwamba ulimlipa fulani kiasi fulani. Itakusaidia kumdai fedha zako, kama utampata na kama bado anazo. Haitakupa nyumba, kwa sababu mtu hawezi kukuhamishia haki asiyokuwa nayo.

"Lakini nalipa kodi ya jengo." Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye umeme, kupitia LUKU. Mpangaji wako naye anailipa. Risiti ya umeme haijawahi kuwa hati.

Tazama basi mambo ambayo muhuri hauwezi kuyaona.

Hauoni rehani. Nyumba inaweza kuwa dhamana ya mkopo benki, na hati iko kwenye kabati la benki wakati muuzaji anakuonyesha nakala na kukuambia halisi ipo kwa kaka yake. Deni limeandikwa kwa Msajili, halikuandikwa kwa mwenyekiti.

Hauoni mke wala mume. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Nimeona mauzo yakiyumba kwa sababu mume aliuza mke akiwa msibani kijijini, na mwenyekiti alikuwa shahidi wa kwanza.

Hauoni mirathi. Baba amefariki, watoto wanauza. Mkubwa anasema yeye ndiye mwenye sauti. Hana sauti hiyo. Kama mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hakuna mtoto, mjane wala baba mdogo mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Kikao cha ukoo hakichukui nafasi ya mahakama, hata kikiwa na muhtasari uliosainiwa na wazee wote.

Hauoni mipango ya mji. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, ambako hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121 kila upande. Zilikuwamo nyumba za miaka mingi zenye umeme na maji. Desemba 2015 ilikuwa zamu ya Bonde la Msimbazi: nyumba zikapigwa X nyekundu, yakaja matingatinga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Muhuri wa mtaa haukuzuia tingatinga hata moja.

Na sasa nifike kwenye jambo linalonikasirisha kuliko yote: asilimia. Ziko ofisi za mitaa zinazodai sehemu ya bei ili muhuri upigwe, na wengi wanaitaja asilimia 10 kana kwamba imeandikwa katika Katiba. Hakuna sheria inayoitaja. Piga hesabu: kwenye kiwanja cha shilingi milioni 30, asilimia 10 ni milioni 3. Ushuru wa stempu unaodaiwa kisheria kwa uhamisho huohuo ni asilimia 1, yaani shilingi 300,000. Nimekutana na wanunuzi waliotoa milioni 3 bila kunung'unika kwa muhuri usiohamisha chochote, kisha wakaniambia kwamba kusajili ni gharama kubwa. Fedha hizo zingetosha ushuru, ada za usajili na mtaalamu wa kuwasimamia. Huu ni unyang'anyi unaokubaliwa kwa kuwa umezoeleka, na watu wenye kipato kidogo ndio wanaoulipia.

Kuna hali moja ambapo ofisi ya chini ina mamlaka ya kweli, nayo huchanganywa na hii ya mjini. Ardhi ya kijiji, kama ile inayouzwa pembezoni mwa Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Huko kibali cha halmashauri ni cha lazima, hasa mnunuzi anapotoka nje ya kijiji. Lakini halmashauri ni kikao chenye wajumbe, akidi na muhtasari. Mwenyekiti peke yake na kidau chake cha wino si halmashauri, na ununuzi wa namna hiyo unaweza kubatilishwa mahakamani.

Nisije nikaeleweka kwamba wakili ndiye tiba. Muhuri wa wakili kwenye mkataba unathibitisha kwamba waliosaini walisaini mbele yake. Kama hukumlipa afanye uchunguzi, hakufanya. Usibadilishe imani ya muhuri mmoja kwa imani ya muhuri mwingine.

Haya yote yanaeleza pia bei za soko letu, ambazo watu huzishangaa. Kiwanja kisichopimwa ni rahisi kuliko kilichopimwa Kibada au Mbweni, maeneo yaliyoingia kwenye mradi wa Serikali wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Tofauti hiyo ya bei si zawadi ya muuzaji. Ndiyo thamani ya upimaji, barabara, hati na usingizi wako, ambavyo utavigharamia mwenyewe baadaye, kama vitapatikana. Na ukiambiwa bei imeshuka kwa sababu "mwenye mali ana shida ya haraka", fanya uchunguzi mara mbili, kwa sababu haraka ndiyo silaha ya kwanza ya tapeli.

Basi ufanye nini? Nakwenda haraka, maana hatua zenyewe si ngumu.

Kama nyumba ina hati: chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla hujalipa hata kishika uchumba. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio lolote. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Hati inaweza kuwa halisi na muuzaji akawa wa bandia. Dai ridhaa ya mwanandoa kwa maandishi. Hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kisha jazeni fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, mthamini aandae ripoti, muuzaji alipe TRA kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, nawe ulipe ushuru wa stempu, mkasajili. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, kwa sababu bila uthibitisho wa TRA uhamisho hausogei.

Kama ni barua ya toleo, ile tunayoiita ofa: nenda idara ya ardhi ya halmashauri, uone jalada, mchoro na jina. Ofa si hati. Fanya muuzaji akamilishe hati kwanza, au bei ishuke kulingana na hatari unayobeba.

Kama ni leseni ya makazi: ni haki ya muda, isiyozidi miaka 5 kwa kipindi kimoja, na ina rejista yake halmashauri. Kagua rejista, na hakikisha haijaisha.

Kama haijapimwa kabisa: mpeleke mpimaji aliyesajiliwa achukue alama za mipaka azilinganishe na michoro ya mipango miji, ujue kama hapo ni makazi, shule, barabara au bonde. Uliza kama eneo limo kwenye urasimishaji. Ongea na majirani wa pande zote nne, bila dalali. Uliza kama kuna kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapa ndipo mwenyekiti ana faida: muulize historia ya eneo na migogoro yake, msikilize vizuri, mshukuru, na umchukue kuwa shahidi. Hiyo ndiyo nafasi yake.

Kama ni mali ya marehemu: ona barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, ya asili, na uikague mahakamani ilikotolewa. Msimamizi ndiye anayesaini.

Kama ni ya kijiji: ona muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, na umuulize ofisa ardhi wa wilaya.

Kama ni fleti: uliza kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na kama sehemu unayonunua ina hati yake. Bila hiyo unanunua ahadi.

Kwa zote: lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji uliyemthibitisha, kwa awamu, na awamu kubwa ibaki mpaka nyaraka za uhamisho zisainiwe. Usilipe fedha taslimu sebuleni kwa mtu. Na usikubali kuambiwa kwamba kusubiri upekuzi kutakukosesha nyumba. Nyumba isiyoweza kusubiri upekuzi haifai kununuliwa.

Ukija kwangu kabla ya kulipa, mara nyingi kazi yangu ni kukusomea majibu ya upekuzi na kukuambia nunua au acha. Ukija baada ya kulipa, kazi yangu ni kesi, na kesi ya ardhi inaweza kumzeesha mtu. Kwa hiyo acha kuuliza kama muhuri umepigwa. Uliza jina la nani liko kwa Msajili, na nani mwingine ana haki juu ya ardhi ile. Mpaka upate majibu yote mawili kwa maandishi, usitoe fedha yako.